Gereza, Sheria na Kadhi: Dini na Dola katika Historia ya Mwambao wa Kenya

Utangulizi

Neno gereza, ambalo watumiaji wa Kiswahili wa leo hulielewa kuwa ni mahali pa kufungia wahalifu, lina asili ambayo wengi hawaitarajii. Wataalamu wengi wa etimolojia hulihusisha na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani ya kuta zake. Na ndani ya kuta hizo hizo walikuwamo askari, mizinga, ghala za baruti na mahabusi. Mwenyeji aliyeitazama kutoka nje hakuwa na sababu ya kutenganisha nyumba ya ibada na nyumba ya mabavu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa na mlango mmoja na bawabu mmoja. Jina la kanisa likawa jina la boma, na jina la boma likaishia kuwa jina la kifungo. Waingereza nao waliitumia ngome hiyo kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958, na kwa hiyo neno na jengo vikakutana tena.

Etimolojia ya neno moja haiwezi kuwa historia ya jamii nzima. Hata hivyo, inaonyesha kwamba suala la uhusiano wa dini na dola halikuletwa katika mwambao wa Afrika Mashariki na wanasheria wa karne ya 20. Limekuwapo kwa karne kadhaa, na lugha imehifadhi alama zake. Mhadhara huu unalifuatilia suala hilo katika eneo moja, yaani ukanda wa pwani wa Kenya, na kupitia taasisi moja, yaani mahakama ya kadhi. Swali lake kuu ni hili: uhuru wa dini hulindwa vipi pale ambapo dini yenyewe imekuwa sehemu ya mamlaka ya nchi? Msamiati wa Kiswahili utatumiwa kuwa ushahidi pamoja na mikataba na katiba, kwa sababu ugomvi uliozuka nchini Kenya kati ya mwaka 2002 na 2010 kwa kiasi fulani ulikuwa ni ugomvi wa maana za maneno.

Mfalme aliyebatizwa

Tukio la kwanza linalostahili kutajwa ni la mwaka 1631. Yusuf bin Hasan alikuwa mwana wa mtawala wa Mombasa aliyeuawa baada ya kukosana na kapteni wa Kireno. Mtoto huyo alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre wa shirika la Mtakatifu Agustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, kisha katika miaka ya 1620 akarudishwa Mombasa awe mfalme Mkristo wa raia Waislamu. Wareno walidhani wamepata njia ya mkato: kumgeuza mtawala ili raia wamfuate. Matokeo yalikuwa kinyume. Mfalme hakuaminiwa na Wareno, ambao waliendelea kumtilia shaka, wala hakuwa na mizizi miongoni mwa watu wake. Mwezi Agosti 1631 alimuua kapteni ndani ya ngome, akatangaza kurejea katika Uislamu, na Wakristo wa mji, Wareno kwa Waafrika, wakauawa wengi baada ya kukataa kuiacha imani yao.

Wanahistoria wa Kanisa huwakumbuka waliokufa kuwa ni mashahidi wa imani, nao wanahistoria wa kizalendo humkumbuka Yusuf kuwa ni mpinzani wa ukoloni. Kumbukumbu zote mbili zina ukweli. Jambo linalounganisha ubatizo wa Goa na mauaji ya Mombasa ni dhana moja, kwamba imani ya mtu ni mali ya anayemtawala. Mtoto hakuulizwa alipobatizwa. Waumini waliulizwa, lakini kwa upanga. Katika hali zote mbili dini ilikuwa kipimo cha utii kwa dola, na mwenye kupoteza alikuwa ni yule asiye na silaha. Wareno walirejea mwaka 1632, lakini mwaka 1698 ngome iliangukia mikononi mwa Waomani.

Dola ya Kiislamu na tofauti ndani ya Uislamu

Ni kosa kudhani kwamba kuondoka kwa Wareno kuliliondoa suala hili kwa kuwa watawala na watawaliwa sasa walikuwa wa dini moja. Masultani wa Busaidi walikuwa Waibadhi, ilhali Waswahili wengi walikuwa Masuni wa madhehebu ya Shafii. Kwa muda mrefu tofauti hiyo ilishughulikiwa kwa hekima ya kiutawala: Unguja ilikuwa na makadhi wa pande zote mbili, na kila mtu alihukumiwa kwa madhehebu yake. Sayyid Said alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1844 alimpa mmisionari Johann Ludwig Krapf barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani, na kwa barua hiyo Krapf aliweza kukaa Mombasa, na baadaye Rabai, na kukusanya maneno ya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Kwa hiyo mojawapo ya kazi za mwanzo za leksikografia ya Kiswahili iliwezekana kwa ruhusa ya mtawala Mwislamu kwa mhubiri Mkristo.

Lakini ruhusa ni fadhila ya mtu, na fadhila hubadilika. Katika utawala wa Sayyid Barghash, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyetetea itikadi ya Kisuni dhidi ya Uibadhi, alitiwa gerezani, akatoka baada ya kufariki kwa mtawala huyo mwaka 1888. Hapakuwa na Mkristo wala mkoloni katika kesi hiyo. Kilichokuwapo ni dola iliyoona hoja ya kielimu kuwa ni hatari kwa utawala. Mwanawe, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa Kiswahili na Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Baba alifungwa na dola kwa ajili ya fikra zake za dini, na mwana akaajiriwa na dola nyingine aitafsiri dini hiyo hiyo. Kati ya vizazi hivyo viwili ndimo lilimo badiliko kubwa la taasisi ya kadhi.

Mkataba wa 1895 na ahadi yake

Badiliko hilo lilitokana na mkataba wa Juni 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, ambao ulikuwa umetambuliwa kuwa milki ya Sultani katika makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, uliwekwa chini ya utawala wa Uingereza kwa kodi ya kila mwaka ya pauni 11,000, mbali na riba ya deni. Enzi ilibaki kuwa ya Sultani kwa jina, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu. Katika hafla ya makabidhiano mjini Mombasa mwezi Julai, Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani, aliwahakikishia wakazi kwamba mambo ya dini ya Kiislamu na desturi zao za kale hayataguswa.

Sheria ya mahakama ya mwaka 1907 iliipa ahadi hiyo umbo la kiserikali. Zilitambuliwa mahakama za liwali, kadhi na mudiri. Maneno haya matatu yanastahili kuangaliwa. Liwali limetokana na Kiarabu al-wali, pamoja na kitambulishi chake kilichoganda ndani ya neno. Mudiri ni msimamizi. Na kadhi ni mwenye kukata shauri. Wote watatu walikuwa watumishi wa Sultani kabla ya kuwa watumishi wa Gavana. Waingereza hawakubuni vyeo hivyo. Walivirithi, wakavilipia mshahara, na kwa kuvilipia wakaviwekea mipaka. Mamlaka ya kadhi yalikuja kufungwa katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Jinai na biashara zikaenda kwingine.

Hapa ndipo lugha ilipofanya kazi ambayo wanasheria hawakuiona. Neno la Kiarabu sharia lilikuwa limeingia katika Kiswahili zamani na kuwa sheria. Katika matumizi ya awali hapakuwa na haja ya kuuliza ni sheria ya nani. Dola ya kikoloni ilipoanza kutunga kanuni zake, ilizitangaza kwa Kiswahili kwa neno hilo hilo, na hatua kwa hatua neno sheria likawa mali ya bunge, polisi na hakimu. Waislamu waliotaka kutaja sheria ya Mwenyezi Mungu iliwabidi waliazime neno upya kutoka Kiarabu na kuliandika Sharia. Kiswahili kikawa na maneno mawili kutoka mzizi mmoja, moja la serikali na moja la dini. Jambo kama hilo lilitokea kwa sala ya Wakristo na swala ya Waislamu. Mgawanyiko wa mamlaka ulikwisha kuandikwa katika tahajia kabla ya kuandikwa katika katiba.

Makubaliano ya 1963

Uhuru ulipokaribia, wakazi wengi Waislamu wa pwani waliingiwa na hofu ya kuwa wachache katika nchi ambayo wangetawaliwa na watu wa bara. Vuguvugu la Mwambao lilidai kujitenga au kujitawala. Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza suala hilo mwaka 1961, alipendekeza kwamba ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, na kwamba haki za Waislamu ziwekewe kinga. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Sultani aliachia enzi yake juu ya ukanda. Kenya nayo iliahidi kulinda uhuru wa kila mtu kufuata dini yake, kudumisha mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine, kuhakikisha kwamba kadiri inavyowezekana maofisa wa utawala katika maeneo yenye Waislamu wengi watakuwa Waislamu, kuwezesha watoto wa Kiislamu kufundishwa Kiarabu, na kutambua hati za ardhi zilizokuwapo.

Makubaliano haya yana pande mbili ambazo haifai kuzitenganisha. Kwa upande mmoja yalikuwa ahadi ya uhuru wa dini kwa wote. Kwa upande mwingine yalikuwa bei: watu walikubali kuingia katika taifa jipya kwa sharti kwamba jambo moja walilolithamini lisiguswe. Mahakama za liwali na mudiri ziliondolewa baada ya uhuru. Za kadhi zikabaki, zikiwa na kifungu chake katika katiba na sheria yake ya mwaka 1967. Mwaka 1968 nafasi ya Kadhi Mkuu ilishikwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, ambaye aliishikilia hadi mwaka 1980.

Tanganyika ilichukua njia nyingine. Mfumo wa mahakama uliunganishwa mwaka 1963 na mahakama za kadhi zikatoweka Tanzania Bara, huku zikiendelea kuwapo Zanzibar. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka utaratibu mmoja kwa raia wa Bara, ingawa ilitambua ndoa za Kiislamu na za kimila. Kwa hiyo nchi mbili jirani, zenye lugha moja na historia inayoingiliana, zilitoa majibu mawili kwa swali moja. Hata hivyo jibu la Tanzania halikulifunga swali, kwani madai ya kurejeshwa kwa mahakama hizo Bara yaligusiwa hata katika ilani ya uchaguzi ya chama tawala ya mwaka 2005.

Ugomvi wa 2002 hadi 2010

Mchakato wa kuandika katiba mpya ya Kenya ulipoanza kutoa rasimu mwaka 2002, suala lililolala kwa miaka arobaini liliamka. Viongozi kadhaa wa makanisa waliuliza kwa nini dini moja iwe na mahakama zinazotajwa katika katiba na kugharimiwa na walipa kodi wote. Mwaka 2004 baadhi yao walifungua shauri. Rasimu iliyopigiwa kura Novemba 2005, kwa alama za ndizi na chungwa, ilikataliwa na takribani asilimia 58 ya wapiga kura, ingawa sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo mamlaka ya rais na suala la ardhi. Shauri la viongozi wa makanisa liliamuliwa Mei 2010. Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha makadhi katika katiba iliyokuwapo kilikwenda kinyume na usawa na kutenganishwa kwa dini na dola. Miezi michache baadaye, tarehe 4 Agosti 2010, wananchi wapatao theluthi mbili ya waliopiga kura waliipitisha katiba mpya, na makadhi wakiwamo ndani yake.

Katika mabishano hayo kila upande ulisema kwamba unatetea uhuru wa dini, na hakuna uliodanganya. Wakristo walimaanisha uhuru wa kutobebeshwa dini ya mwingine kwa mkono wa serikali. Hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa katika nchi ambayo jina lake la jela linatokana na jina la kanisa: dini ikiingia katika ofisi ya dola, hutoka ikiwa na pingu. Waislamu walimaanisha uhuru wa kuishi ndoa zao, talaka zao na mirathi yao kwa mujibu wa imani yao. Walikumbusha pia kwamba mahakama za kawaida hazikuwa tupu, kwa kuwa sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ilikuwa na mtazamo wake wa ndoa, uliolelewa na Kanisa kwa karne nyingi.

Kiswahili kilitatiza mambo zaidi kwa kukosa neno moja lililokubalika la kuitaja dola isiyoegemea dini. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania hutumia maelezo kwamba nchi ni isiyokuwa na dini. Katika masikio ya msemaji wa kawaida maelezo hayo yana uzito usiokusudiwa, kwani mtu asiye na dini, katika mazungumzo ya mtaani, ni mtu asiye na haya wala huruma. Maelezo isiyofungamana na dini ni bora kidogo, kwa kuwa hutaja uhusiano badala ya upungufu. Tofauti hiyo ni ya msingi. Dola isiyofungamana na dini inaweza kuwatambua waumini wa dini zote bila kuwa mali ya mmoja wao, ilhali dola isiyo na dini husikika kama mshindani wa dini zote.

Sauti za wanawake mahakamani

Katika kelele za mabishano, watumiaji wenyewe wa mahakama ya kadhi walisikika kwa nadra. Utafiti wa mwanaanthropolojia Susan Hirsch, uliochapishwa mwaka 1998 na uliojikita katika lugha inayotumika katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba aghalabu wanaofungua mashauri ni wanawake, na kwamba mara nyingi hupata wanachokidai. Mume aweza kutamka talaka nyumbani kwake. Mke anatarajiwa kuvumilia, na kutovumilia humaanisha kusimulia mambo ya ndani mbele ya watu, jambo ambalo utamaduni hulihesabu kuwa ni kutoa siri. Mahakama humpa nafasi ya kusema aliyotakiwa kuyanyamazia.

Ushahidi huu unazitatiza pande zote mbili. Kuifuta mahakama kwa jina la usawa kungemnyima mwanamke huyo mlango aliouzoea, wenye lugha anayoielewa na gharama anayoimudu. Kuiacha bila mipaka kwa jina la imani nako kungemfunga ndani yake hata pale anapotaka mlango mwingine. Uhuru wa dini ukitazamwa kuwa haki ya jumuiya peke yake, mtu mmoja mmoja aliye dhaifu ndani ya jumuiya hupotea machoni.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulijibu tatizo hili kwa maneno machache. Katiba ya zamani ilimpa kadhi mamlaka pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Katiba mpya, katika ibara ya 170, iliongeza sharti kwamba wahusika hao wayakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Sambamba na hilo, ibara ya 8 inakataza kuwapo kwa dini ya dola, na ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kwa nyongeza hiyo kadhi aliacha kuwa hakimu ambaye mtu hupewa kwa kuzaliwa, akawa hakimu ambaye mtu humridhia. Ni kweli kwamba ridhaa ya mke anayemtegemea mume, au ya mtoto aliye chini ya walezi, si rahisi kuipima. Ibara ya 24 nayo inaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa kadiri inayohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya makadhi, na upana wa ruhusa hiyo umeendelea kubishaniwa. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliifasiri kwa ufinyu, iliposhikilia kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu ya kuzaliwa kwao.

Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa ina hatua nne. Mwaka 1631 imani ilikuwa kipimo cha utii, na aliyekosea aliuawa. Katika karne ya 19 uhuru ulikuwa fadhila ya Sultani, iliyoweza kumpokea mgeni na kumfunga mwanachuoni. Mwaka 1895 na 1963 ulikuwa ahadi baina ya serikali na serikali, ambayo raia wa kawaida hawakuitia saini. Mwaka 2010 uliwekwa katika katiba iliyopigiwa kura na wananchi, na ukafungamanishwa na ridhaa ya mtu mwenyewe. Kila hatua ilichukua maneno ya iliyotangulia na kuyapa kazi mpya, na ndiyo maana mabishano ya karne ya 21 yalifanywa kwa msamiati wa kadhi, dola na sheria uliokuwapo tangu enzi za majahazi.

Neno uhuru lenyewe limetokana na huru, ambalo katika Kiswahili cha kale lilimtaja mtu asiye mtumwa. Halikuwa sifa ya nchi wala ya jumuiya. Lilikuwa hadhi ya mtu. Wanafunzi wa lugha wanaotafsiri katiba, wanaoandaa istilahi za sheria au wanaorekodi mashauri ya mahakamani wana sababu ya kuikumbuka maana hiyo. Neno watakalolichagua kuitaja dola isiyofungamana na dini, au ridhaa ya mdai mbele ya kadhi, litasomwa na mwanamke aliyesimama mlangoni mwa mahakama huko Lamu au Malindi, naye ataamua kwa neno hilo kama mlango huo ni wake au la.